Sequoyah: Msee asiyejua kusoma aliyewapa Wacherokee maandishi yao

Cheki hii. Jamaa anachechemea, ni sonara na mhunzi, na hajui kusoma wala kuandika lugha yoyote. Huyo ndiye Sequoyah, Mcherokee aliyezaliwa Tennessee, Marekani, karne ya 18. Aliona wazungu wakitumiana habari kwa karatasi, akaamua watu wake pia watakuwa na maandishi.

Alianza karibu 1809. Mwanzo alichora alama moja kwa kila neno. Wapi! Maneno ni mob. Shamba likaota magugu, mabeste wakamcheka, wengine wakadai huo ni uchawi. Inasemekana hata bibi yake alichoma kazi yote. Manze, wewe ungeendelea?

Akabadilisha mpango: alama moja kwa kila silabi. Hapo alama 86 pekee zikatosha. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa binti yake mdogo, Ayoka. 1821 wakubwa waliwatenganisha ili wamshike uongo. Wakamwambia baba maneno, akaandika, mtoi akaitwa, akasoma yote freshi. Wakaamini.

Maelfu walijua kusoma ndani ya miaka michache tu, na 1828 gazeti lao, Cherokee Phoenix, likatoka Georgia. Halafu ikaja noma: 1838 wanajeshi wa Marekani wakawafurusha kwao, na maelfu wakafa kwenye safari ya Oklahoma.

Sequoyah alikuwa ashahamia huko mapema. Alikufa Mexico 1843, akitafuta Wacherokee waliotawanyika. Kaburi lake halijulikani. Lakini ukitembea Tahlequah, Oklahoma, vibao vya barabarani viko na zile alama zake.