Robert Koch: Mtafiti wa Kwai na Dawa Iliyopofusha Wagonjwa

Katika milima ya Usambara Magharibi, wilayani Lushoto, lipo eneo la Kwai, ambako mwishoni mwa karne ya 19 utawala wa Kijerumani ulianzisha shamba la majaribio ya mazao na mifugo. Miongoni mwa watafiti waliolitumia shamba hilo ni daktari Robert Koch, ambaye wakati huo jina lake lilikuwa limekwisha kuenea duniani kote.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, na kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1866. Mwaka 1876, akiwa daktari wa wilaya, alithibitisha bakteria wanaosababisha kimeta. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza kugundua bakteria wa kifua kikuu, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Hata hivyo, mwaka 1890 alitangaza kuwa tubakulini ni tiba ya ugonjwa huo kabla ya kuichunguza vya kutosha. Tiba hiyo haikuponya, na baadhi ya wagonjwa walidhurika. Baadaye tubakulini ilibaki kuwa kipimo cha kutambua maambukizi.

Koch alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1897, baada ya kushughulikia sotoka kusini mwa Afrika na tauni nchini India. Akichunguza ugonjwa wa ng'ombe wa kukojoa damu, alichukua kupe kutoka kwa mifugo ya pwani, ambako ugonjwa ulikuwepo, na kuwapeleka Kwai, ambako haukuwepo. Kupe wachanga walioanguliwa waliwaambukiza ng'ombe wa mlimani, ikathibitika kuwa kupe ndio waenezaji. Aidha, aliandika kuwa wenyeji wa Usambara waliita kwa jina moja, mbu, wadudu waliowauma walipoteremka nyikani na homa iliyowapata baada ya hapo. Wenyeji hao walikuwa na maarifa ambayo sayansi ya Ulaya ilikuwa bado inayatafutia ushahidi.

Mwaka 1906 Koch alirejea akiongoza msafara wa kuchunguza malale. Alianzia Amani, Usambara Mashariki, akapita Mwanza, kisha akaweka kambi katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, upande wa Uganda. Malale huenezwa na mbung'o. Vimelea vyake huanzia katika damu na hatimaye huingia katika ubongo na uti wa mgongo. Hapo usingizi huvurugika, fahamu hupotea, viungo hulegea, na mgonjwa asiyetibiwa hufariki. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walipoteza maisha nchini Uganda katika mlipuko wa miaka hiyo.

Dawa aliyoitegemea iliitwa atoksili. Ilitokana na arseniki, ingawa jina lake lilimaanisha kitu kisicho na sumu. Mwaka 1905 watafiti wa Liverpool, Uingereza, walikuwa wameonyesha kuwa dawa hiyo huua vimelea vya aina hiyo katika wanyama. Kwa Koch matokeo ya mwanzo yalikuwa mazuri: vimelea vilitoweka katika damu, na wagonjwa waliokuwa hoi walipata nguvu. Lakini kwa wengi ugonjwa ulirudi. Koch akaongeza kipimo cha dawa, na ndipo wagonjwa 22 walipopofuka, wala uoni wao haukurudi.

Kilichoharibika ni neva ya jicho. Neva hiyo ina nyuzi zaidi ya milioni moja, zinazopeleka ubongoni taarifa za kile ambacho jicho limekipokea. Nyuzi hizo zimevikwa utando wa mafuta uitwao myelini, mfano wa mpira unaofunika waya wa umeme, na utando huo ndio unaowezesha taarifa kusafiri kwa kasi. Utando ukiharibika, taarifa huchelewa au hukatika. Uzi wenyewe ukifa, taarifa haifiki kabisa. Neva ya mkono au mguu ikijeruhiwa inaweza kuota tena polepole. Neva ya jicho ni sehemu ya mfumo wa ubongo, na nyuzi zake zikifa hazioti tena. Kwa sababu hiyo, kupunguza dawa baada ya madhara kuonekana hakukuwasaidia waliokwisha kupofuka.

Majaribio ya Kwai yalifanywa kwa ng'ombe, na hitimisho likafuata ushahidi. Majaribio ya Sese yalifanywa kwa binadamu waliokuwa chini ya utawala wa kikoloni, na kipimo kiliongezwa kabla ya usalama wake kujulikana. Ni kweli kwamba malale yaliua na tiba nyingine ya uhakika haikuwepo. Lakini uamuzi kuhusu kiasi cha hatari kinachokubalika ulikuwa wa daktari, ilhali aliyelipa kwa macho yake alikuwa mgonjwa.

Koch alirejea Ujerumani mwaka 1907 na kufariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden. Uchunguzi wa atoksili uliendelezwa na Paul Ehrlich, na ukazaa dawa ya kaswende iliyoanza kutumika mwaka huohuo wa 1910. Dawa za arseniki ziliendelea kutumika dhidi ya malale kwa miongo mingi, pamoja na hatari zake. Leo vipo vidonge vya fexinidazole, ambavyo havina arseniki.

Nchini Tanzania, utafiti wa afya unaohusisha binadamu sasa hauwezi kuanza bila kibali cha maadili, kinachosimamiwa kitaifa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na mshiriki ana haki ya kuelezwa hatari, kukubali au kukataa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) husajili dawa na kupokea taarifa za madhara yake. Mwananchi anayeona ukungu machoni, ganzi au udhaifu wa viungo baada ya kuanza dawa anapaswa kurudi mapema katika kituo cha afya na kueleza dawa aliyotumia, kwa kuwa kwa neva ya jicho kuchelewa kunaweza kumaanisha kutoona tena.