Homi Bhabha na Kazi Iliyobaki Baada Yake

Mzazi wa Ijuganyondo, katika mji wa Bukoba, apelekaye kahawa yake ya maganda kwenye mizani ya chama cha msingi ili mwanawe apate kusoma fizikia, ana haki ya kutuuliza swali moja. Je, nchi ambayo bado inatafuta madawati, dawa na barabara, yafaa kweli itoe fedha zake na vijana wake hodari wakapeleleze chembe zisizoonekana kwa jicho wala kushikika kwa mkono? Swali hilo halifai kudharauliwa. Amjibuye mzazi huyo kwa kicheko hajui jasho lililomo katika gunia moja la kahawa. Sisi tumeona njia njema ya kumjibu ni kusimulia maisha ya mtu aliyekabiliwa na swali hilo hilo nchini India, akalijibu kwa kazi ya miaka zaidi ya ishirini, kisha akafa ghafula. Mtu huyo ni Homi Jehangir Bhabha.

Alizaliwa Bombay, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai, tarehe 30 Oktoba 1909, katika jamaa ya Waparsi, watu ambao asili yao ni Uajemi. Tusimfiche msomaji: Bhabha hakuzaliwa katika umaskini. Baba yake alikuwa mwanasheria, na shangazi yake alikuwa ameolewa na Dorabji Tata, mmoja wa wenye viwanda wakubwa wa nchi hiyo. Nyumbani mlikuwa na vitabu na santuri za muziki, na kijana akajifunza kuchora. Mwaka 1927 alipelekwa Cambridge, Uingereza, kusomea uhandisi wa mitambo, kwa matumaini ya wazee wake kwamba angerudi kushika kazi katika kiwanda cha chuma cha Tata. Lakini moyo wake ulikuwa katika fizikia. Akaafikiana na baba yake kwamba akifaulu uhandisi kwa daraja la kwanza, ataruhusiwa kuendelea na hesabu. Mwaka 1930 alifaulu, na baba akatimiza ahadi.

Cambridge ya siku zile ilikuwa kama soko lenye bidhaa mpya kila asubuhi. Mwaka 1932 James Chadwick aligundua nyutroni humo humo. Bhabha, aliyekuwa kijana wa miaka 22, aliingia katika kazi hiyo kwa kalamu na karatasi. Mwaka 1935 alipiga hesabu ya jinsi elektroni inavyogongana na pacha wake mwenye chaji ya kinyume, na hesabu hiyo hata leo yaitwa kwa jina lake, nayo hutumika katika mitambo mikubwa ya kugonganisha chembe. Mwaka 1937, pamoja na Walter Heitler, alieleza jinsi chembe moja yenye kasi, itokayo mbali katika anga, inavyoweza kuzaa chembe nyingine katika hewa ya juu, na hizo zikazaa nyingine, hata zikawa manyunyu. Mionzi hiyo ya anga haichagui nchi. Msomaji akinyosha kiganja chake katika kibanja cha migomba kule Ijuganyondo, chembe moja hupita humo karibu kila sekunde, bila kubisha hodi na bila kumdhuru.

Mwaka 1939 Bhabha alikwenda nyumbani kwa likizo. Vita vya dunia vikazuka, na njia ya kurudi Uingereza ikafungwa. Akapata kazi Bangalore, katika chuo cha sayansi alimokuwamo C. V. Raman, mshindi wa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1941 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, naye hajatimiza miaka 32. Vita vikiisha, vyuo vya Ulaya na Marekani vingempokea kwa mikono miwili. Lakini miaka ile ya kukaa nyumbani ilimbadili. Akaona kwamba mtu aliyesomeshwa hana ruhusa ya kulalamika daima kwamba kwao hakuna maabara, hali mwenyewe hajajenga hata moja.

Tarehe 12 Machi 1944 aliwaandikia wadhamini wa mfuko wa Dorabji Tata akiomba fedha za kuanzisha chuo cha utafiti wa fizikia. Msomaji aangalie tarehe hiyo. Mwaka uliotangulia, 1943, njaa ya Bengal ilikuwa imeua watu kwa mamilioni. Nchi ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na mabomu ya atomu ya Hiroshima na Nagasaki yalikuwa hayajaanguka. Hata hivyo Bhabha alieleza katika barua yake kwamba siku ambayo nguvu za atomu zitatumika kutoa umeme, India isilazimike kutafuta wataalamu ng'ambo; iwakute tayari nyumbani. Hakuomba mashine kwanza. Aliomba mahali pa kuwalea watu.

Chuo kilifunguliwa Juni 1945 huko Bangalore, na kabla ya mwaka kwisha kikahamia Bombay, katika nyumba ya kawaida ya kuishi. Hapo ndipo tunapoona namna yake ya kuongoza. Wakubwa wengi huanza kwa kujenga jengo, wakalipaka rangi, kisha wakaanza kutafuta wa kukaa ndani yake. Bhabha alianza kwa mtu. Alipompata mwenye akili na bidii, alimjengea idara kwa kadiri ya uwezo wake. Asipompata, aliacha nafasi wazi. Alimpokea Bernard Peters, mtaalamu wa mionzi ya anga aliyekuwa akisumbuliwa nchini Marekani kwa shutuma za kisiasa. Alimwita nyumbani M. G. K. Menon kutoka Bristol mwaka 1955. Vijana wa chuo wakaunda kompyuta yao wenyewe, ikaanza kazi mwaka 1960. Jengo kubwa la kudumu, kando ya bahari huko Colaba, halikufunguliwa mpaka mwaka 1962, chuo kikiwa na miaka zaidi ya kumi na sita.

Katika kuchagua kazi, alitazama kwanza kile ambacho nchi yake ilikuwa nacho. Mitambo ya kuzipa chembe kasi ilikuwa na gharama zisizobebeka, lakini mionzi ya anga hutolewa bure. Tena sehemu ya kusini ya India ipo karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, mahali ambapo chembe dhaifu huzuiwa na zile zenye nguvu nyingi hupita, jambo linalowafaa wapelelezi. Basi wengine wakajifunza kutengeneza mabaluni ya plastiki ya kupandisha vyombo juu. Wengine wakashuka chini, katika machimbo ya dhahabu ya Kolar. Huko, kuanzia miaka ya 1950, walihesabu jinsi chembe zinavyopungua kadiri mtu anavyozidi kushuka. Walipofika kilindi ambacho karibu hazifiki kabisa, walitambua kwamba wamepata mahali pa kimya pa kuingojea neutrino, chembe ambayo hupenya dunia nzima kama kwamba si kitu. Wakashirikiana na Waingereza wa Durham na Wajapani wa Osaka, na mwaka 1965, katika kina cha zaidi ya kilomita 2, wakaiona alama yake.

Wakati ule ule kundi jingine, la Wamarekani na watu wa chuo cha Witwatersrand, lilipata jambo hilo hilo katika machimbo ya dhahabu ya East Rand, Afrika Kusini, kina cha zaidi ya kilomita 3. Hatuwezi kulitaja hilo tukanyamaza. Shimo lile lilikuwa katika ardhi ya Afrika, na lilichimbwa kwa jasho la Waafrika ambao, chini ya sheria za ubaguzi, hawakupewa njia sawa ya kuifikia elimu iliyotoka humo. Kumbe kuwa na shimo katika nchi yako si sawa na kuwa na elimu. Mchimbaji asiyesomeshwa huwachimbia wengine.

Uhuru wa India ulipopatikana mwaka 1947, Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alimwamini sana Bhabha. Mwaka 1948 iliundwa Tume ya Nguvu za Atomu naye akawa mwenyekiti. Mwaka 1954 ikaongezwa idara ya serikali, naye akawa katibu wake, akiwajibika kwa Waziri Mkuu mwenyewe. Mwaka 1955 aliongoza mkutano wa Umoja wa Mataifa huko Geneva juu ya matumizi ya amani ya atomu. Tarehe 4 Agosti 1956 kinu cha kwanza, kiitwacho Apsara, kikawashwa huko Trombay; Wahindi walikijenga wenyewe, na urani yake ikatoka Uingereza. Mwaka uliofuata akafungua shule ya kuwafunza kila mwaka vijana wa sayansi na uhandisi waliotoka vyuoni. Kwa maoni yetu, shule hiyo ilikuwa na thamani kupita kinu.

Lakini maisha ya mtu mkuu yakisimuliwa kwa sifa tupu huwa hadithi ya watoto. Bhabha alikuwa na wapinzani wenye hoja. Meghnad Saha, mwanafizikia mkubwa aliyeingia Bungeni mwaka 1952, aliona kwamba kazi kubwa yapasa ianzie katika vyuo vikuu na viwanda, isikusanywe mahali pamoja chini ya mtu mmoja. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwani chuo chenye fedha kikisimama peke yake, vyuo vikuu vinavyofundisha maelfu huweza kubaki na chaki tu. Sheria ya siri iliyofunika kazi za atomu iliwanyima wananchi nafasi ya kuzichunguza. Na huko Geneva Bhabha alibashiri kwamba katika miaka ishirini binadamu atajua kuuzuia na kuutumia moto ule uwakao ndani ya jua. Miaka hiyo imepita mara tatu na zaidi, na utabiri haujatimia.

Liko na zito zaidi. China ilipolipua bomu lake la kwanza Oktoba 1964, Bhabha alitangaza katika redio kwamba bomu la namna hiyo halina gharama kubwa. Mwaka 1974, naye amekwisha kufa, India ililipua lake, kwa plutoniamu iliyotoka katika kinu kilichojengwa kwa msaada wa Kanada kwa ajili ya amani. Twasema wazi kwamba elimu ni kisu kikali. Lazima watu wote wajue kimeshikwa na nani, na kwa kazi gani.

Mwisho wake ulikuja asubuhi moja. Tarehe 24 Januari 1966 ndege ya Air India aliyopanda kwenda mkutanoni Ulaya iligonga mlima wa Mont Blanc, wakafa wote 117 waliokuwamo. Siku hiyo hiyo Indira Gandhi alikuwa akiapishwa kuwa Waziri Mkuu, baada ya kufa kwa Lal Bahadur Shastri wiki mbili nyuma. Bhabha alikuwa na umri wa miaka 56, hakuoa wala hakuacha mtoto. Nchi ilikuwa imepoteza waziri mkuu na kiongozi wa sayansi yake katika mwezi mmoja. Wengi wangetazamia kazi ile ivunjike. Haikuvunjika. Menon, kijana wa miaka 37, alishika chuo cha Bombay. Vyombo vya Kolar viliendelea kusoma. Kituo cha Trombay kikapewa jina la marehemu mwaka 1967, na shule ikaendelea kutoa vijana. Hapo ndipo kipimo chake kilipo. Kiongozi asiyelea warithi huzikwa pamoja na kazi yake.

Sisi wa upande huu wa Ziwa Viktoria tunalijua jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kwamba wazee wa kale wa Buhaya waliyeyusha chuma cha namna ya pua, kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, katika matanuri yenye joto kali mno. Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja: kulikuwa na wachimba mawe, wachoma makaa, wafinyanzi wa mabomba ya hewa na wavuta mivukuto, na fundi mkuu aliyewaongoza wote. Ikaja bidhaa ya chuma kutoka Ulaya, matanuri yakazimwa, na kwa miongo mingi hakuna kijana aliyefunzwa. Katika miaka ya 1970, wataalamu walipotaka kuiona kazi yenyewe, iliwabidi wawategemee wazee wachache waliokumbuka, nao walilazimika kujaribu na kujaribu tena. Elimu ya karne nyingi ilikuwa imebaki katika vichwa vya watu wa kuhesabika.

Basi mzazi wa Ijuganyondo tumjibu nini? Tumwambie kwamba fedha zake hazipotei kwa sababu mwanawe anasoma chembe zisizoonekana. Zitapotea iwapo mwalimu wa fizikia atastaafu pasipo wa kumfuata, iwapo maabara itafungwa kwa kufuli mpaka siku ya mtihani, na iwapo jengo litajengwa kabla ya kutafutwa mtu. Mlango upo, tena hauko mbali: Kigali, iliyo karibu na Bukoba kuliko Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 2018 taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa misingi ya fizikia. Wakuu wa elimu wawaandae vijana wa kuuingia mlango huo, na wawahesabie wananchi kila shilingi. Mizani ya kahawa haimwonei haya mtu, na mizani ya elimu iwe vivyo hivyo.