Bi Ethelwynn Trewavas: Huyu ndiye aliyewapa ukoo samaki wakorofi wa tangini mwako

Kama una tangi la samaki sebuleni, iwe ni Kibokoni, Kuze ama ghorofani kule Tudor, huenda unamjua huyu jamaa. Ni mweusi, ana mistari ya samawati hafifu, na kutwa kazi yake ni kuwakimbiza wale wa manjano wenye mistari myeusi. Amemchana mmoja mkia, mwingine amejibanza nyuma ya pampu hataki hata kula. Wewe unadhani ulinunua aina mbili zisizopatana. La, hao ni aina moja. Mweusi ni dume aliyeshika utawala. Wa manjano ni majike na madume wachanga.

Kitaalamu anaitwa Melanochromis auratus. Auratus ni jina alilopewa mwaka 1897. Lakini Melanochromis, ambalo ndilo jina la ukoo, lilitolewa mwaka 1935 na mwanamke wa Kiingereza aitwaye Ethelwynn Trewavas. Je, una wale wadogo wa njano tupu ambao kila muuzaji anao? Ukoo wao ni Labidochromis. Ni yeye tena, mwaka huo huo. Yaani mama huyu yumo tangini mwako na hujawahi kumsikia.

Mimi chuo sikumaliza, kwa hivyo usidhani nakufungulia darasa. Ila maisha ya Bi Trewavas yana faida kwa mtu yeyote anayefuga siklidi. Siklidi ni jamii kubwa ya samaki wa maji baridi: hawa wa rangi tangini na tilapia wa sahani yako, wote ni ndugu.

Alizaliwa tarehe 5 Novemba 1900 huko Penzance, mji wa bandari kwenye ncha ya kusini-magharibi mwa Uingereza. Mtu wa pwani, kama wewe. Alisoma Reading, akafundisha shule kwa muda, kisha akapata kibarua cha kufundisha chuoni London. Mwishoni mwa miaka ya 1920 akaanza kumsaidia Charles Tate Regan, bingwa wa samaki aliyekuwa mkuu wa makumbusho ya viumbe ya London. Mwaka 1932 wawili hao walitoa kitabu juu ya samaki wa kina kirefu cha bahari, na mwaka 1935 Bi Trewavas akaajiriwa rasmi hapo makumbusho.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Daktari mmoja aitwaye Cuthbert Christy alikuwa amekusanya samaki wengi sana Ziwa Nyasa, lile ambalo majirani zetu Wamalawi huliita Ziwa Malawi, katika miaka ya 1925 na 1926. Wakafika London ndani ya mitungi ya spiriti. Spiriti hula rangi. Samaki wa samawati, wa njano na wa machungwa, wote huishia kuwa kahawia. Mama wa watu hakuwa na rangi ya kumsaidia. Akahesabu meno, magamba na miiba ya mapezi. Akapima taya. Akachungulia mifupa ya kooni. Kutokana na hayo akaandika mwaka 1935 muhtasari wa siklidi wa ziwa zima, na wataalamu waliofuata wote walianzia hapo.

Waona mambo? Wewe una samaki hai, ana rangi zote, na bado ulidhani dume na jike ni aina mbili. Rangi ilikudanganya. Yeye hakudanganywa nayo kwa sababu hakuwa nayo.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 alisafiri hadi Nyasa kwenyewe, pamoja na kikosi kilichochunguza samaki na uvuvi wa ziwa hilo. Ripoti yao ilitoka mwaka 1942. Huko wavuvi wana jina lao kwa samaki wa maweni: mbuna. Neno hilo sasa linatumiwa na wafugaji dunia nzima.

Mbuna anakula ukoga unaoota juu ya jiwe. Kwa hivyo jiwe ni shamba lake, ni nyumba yake, na ndipo anapomwita jike. Dume akiona dume mwingine hapo, vita. Jike akishataga huyabeba mayai kinywani, na vifaranga humo humo, kama wiki tatu hivi, bila kula vizuri. Ukali unaoulalamikia ni samaki anayelinda mahali pa kuzalia. Tatizo ni kwamba ziwani anayeshindwa hukimbia mbali, lakini tangini akikimbia anagonga kioo.

Basi ukitaka wazae bila mauaji, tangi liwe kubwa. Auratus kwenye tangi la chini ya lita 200 ni kujitafutia balaa. Dume awe mmoja, majike wanne au zaidi, ili hasira zisimwishie mmoja. Panga mawe hadi karibu na juu, yawe na mapango mengi. Hapa Mombasa tuna bahati, manake samaki hawa hupenda maji magumu, na matumbawe yale yale yaliyojenga Mji wa Kale na Ngome ya Yesu yana chokaa. Vipande vilivyooshwa vizuri ndani ya tangi husaidia maji yasiwe na asidi. Lakini usichanganye ugumu na chumvi: maji ya kisima cha chumvi si ya mbuna. Jike akivimba koo na kukataa chakula, mhamishe polepole kwenye tangi lake mpaka ateme watoto.

Turudi kwa Bi Trewavas. Mwaka 1956 mtaalamu Geoffrey Fryer alimpa mbuna mmoja jina lake, Labeotropheus trewavasae, samaki mwembamba mwenye pua iliyofunika mdomo. Mwaka 1961 akastaafu. Kustaafu ni kwa karatasi tu, maze. Mwaka 1983, akiwa na miaka 82, alitoa kitabu cha kurasa zaidi ya 500 kuhusu tilapia. Humo aliwagawanya kwa malezi. Wanaotaga chini na kulinda wazazi wote wawili, wakabaki Tilapia. Ambao baba au wazazi wote hubeba mayai kinywani, Sarotherodon. Ambao mama peke yake hubeba, Oreochromis.

Jina Oreochromis lilianza na samaki wa hapa kwetu. Lilitolewa mwaka 1889 kwa samaki wa Ziwa Chala, lile lililo mpakani kule Taveta. Huyo, Oreochromis hunteri, asili yake ni Chala tu. Leo yuko hatarini kutoweka kabisa, na ziwani mwake watu wametia tilapia mwingine wa nje.

Hapo ndipo mambo yanakuhusu wewe. Siklidi wa aina tofauti huzaana kwa urahisi. Ukichanganya mbuna ovyo utapata machotara, ukiyauza kwa jina safi unamdanganya mwenzako, naye atamdanganya mwingine. Na ukichoshwa na ukorofi wao, usiende kuwamwaga Sabaki wala bwawani. Tafuta mfugaji mwingine uwape. Samaki wetu wa mito ya Pwani hawana Chala nyingine ya kukimbilia.

Bi Trewavas alifariki Agosti 1993, akiwa na miaka 92. Leo jioni, kabla hujamlaumu yule mweusi, vuta kiti ukae mbele ya kioo nusu saa. Angalia analinda jiwe gani, na nani kavimba koo. Halafu ndo uamue nani wa kuhamishwa.