Maisha ya Mary Leakey: Mpelelezi wa Kilima cha Hyrax

Riwaya inapompa mwanamke anayejitegemea kazi ya kupeleleza mauaji ya karne nyingi zilizopita, huenda ukadhani, mwanafunzi mpenzi, kuwa mhusika huyo ni wa kubuni tu. Kabla hujaamua hivyo, soma maisha ya mwanamke aliyefanya upelelezi wa aina hiyo hapa Nakuru.

Mary Leakey alizaliwa London, Uingereza, tarehe 6 Februari 1913. Baba yake alikuwa mchoraji, naye akarithi kipawa hicho. Shule hazikumweza: alifukuzwa mara mbili, na hakupata shahada. Hata hivyo, alihudhuria mihadhara ya akiolojia, akashiriki katika uchimbaji, na akawa hodari wa kuchora zana za mawe. Uchoraji huo ndio uliomkutanisha na Louis Leakey, mzaliwa wa Kenya. Walifunga ndoa mwaka wa 1936, na mwaka uliofuata wakaja nchini.

Louis alipokuwa akishughulika na utafiti kuhusu mila za Wakikuyu, Mary aliongoza uchimbaji katika Kilima cha Hyrax, karibu na Ziwa Nakuru, mwaka wa 1937 na 1938. Kilima hicho kina jina la pimbi waliokuwa wakiishi katika miamba yake. Hapo alipata mabaki ya vijiji vya nyakati mbalimbali. Katika makaburi ya kale zaidi, wanawake walizikwa na vyombo vya mawe, lakini wanaume hawakuwekewa. Katika makaburi ya Enzi ya Chuma alifukua mifupa ya watu 19. Wengi walikuwa vijana wa kiume, na baadhi yao vichwa vilikuwa vimetenganishwa na viwiliwili.

Je, waliuawa vitani? Nani aliwaua? Hapa ndipo unapoona tofauti kati ya mpelelezi na mpiga ramli. Mary alipima, akachora na kuandika kila kitu kilipokuwa kabla ya kukiondoa. Alijulikana kwa kusitasita kutoa nadharia ambazo ushahidi haukuzibeba. Mifupa haitaji jina la muuaji, na yeye hakumbuni.

Kilimani pia kuna mashimo mapana yanayohusishwa na Wasirikwa, wafugaji walioishi katika Bonde la Ufa ulipokuwa wakati wa Enzi za Kati huko Ulaya. Mary aliyaona kuwa makazi ya watu. Miaka ya 1980, mtafiti John Sutton alichimba tena na kuonyesha kuwa yalikuwa mazizi ya mifugo, na nyumba zilijengwa kando yake. Sutton aliweza kumsahihisha kwa sababu Mary alikuwa ameacha rekodi iliyo wazi.

Kilima hicho kilitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka wa 1943, na unaweza kukizuru hata leo. Baadaye Mary alipata sifa kubwa zaidi nchini Tanzania. Tarehe 17 Julai 1959, mumewe akiwa kambini mgonjwa, aligundua fuvu maarufu la Olduvai. Mwaka wa 1978 kikundi chake kilifukua nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6. Vyuo vikuu, kikiwemo Oxford, vilimtunuku shahada za heshima. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996.

Unapomhakiki mpelelezi katika riwaya, mpime kwa kipimo hiki: je, hitimisho lake linatokana na ushahidi, au ushahidi umepindwa ulingane na hitimisho?

Maswali ya marudio

1. Eleza sifa tatu za Mary Leakey zinazomfaa mpelelezi.
2. Mpelelezi akisahihishwa, kazi yake imepotea bure? Jadili ukirejelea mashimo ya Wasirikwa.
3. Linganisha Mary na mpelelezi yeyote wa kike katika riwaya uliyosoma.