Mashua ya Thoreau na Nduguye

Sisi watu wa pwani, tukisimuliwa habari za mvuvi, hutaka kujua kwanza chombo chake kilikuwaje. Basi nami nitaanza na chombo.

Mwaka 1839 vijana wawili wa mji mdogo wa Concord, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, waliunda mashua kwa mikono yao wenyewe kwa muda wa wiki moja. Urefu wake ulikuwa futi 15, rangi yake kijani na ukingo wa buluu. Ilikuwa na makasia, milingoti miwili, mmoja wao ukitumika usiku kuwa nguzo ya hema, na tena magurudumu ya kuikokotea nchi kavu penye maporomoko. Fundi wa Lamu huenda akayacheka hayo magurudumu, lakini mto una mambo yake.

Mdogo kati ya hao wawili ndiye Henry David Thoreau, aliyezaliwa mwaka 1817. Wengi humjua kwa kibanda chake kando ya ziwa la Walden, na kwa insha yake ya kukataa kuitii serikali inayodhulumu. Mimi humpenda zaidi kwa ajili ya mashua ile. Kaka yake, John, alikuwa mchangamfu, mpenzi wa ndege, na wote wawili walikuwa walimu katika shule yao wenyewe.

Tarehe 31 Agosti 1839 waling'oa nanga, na ndani wamepakia viazi na matikiti waliyoyalima. Safari ilichukua wiki mbili, kwa mto Concord kisha mto Merrimack, wakilala hemani juu ya ngozi ya nyati. Siku moja waliwinda kindi. Walipokwisha kuwachuna walishikwa na kinyaa, wakawatupa, wakapika wali.

Samaki aliowajua Thoreau aliwajua kama jirani amjuavyo jirani. Kuna mmoja wa jamii ya paiki, mwembamba, mwenye mdomo mrefu na meno makali, umbo lake si mbali na la mzia wetu. Hujificha kwenye majani ya maji, ametulia kabisa, kisha hufyatuka kama mshale. Thoreau aliwahi kumvua mmoja aliyekuwa amemmeza mwenziwe nusu ya ukubwa wake, na mkia wa yule aliyemezwa ungali kinywani. Lakini walaji hao hawakumsikitisha kama walivyomsikitisha samaki wa baharini waliozoea kupanda mto kutaga mayai, wakazuiwa na ukuta wa bwawa la viwanda pale Billerica. Alifikia hata kujiuliza kama mtaimbo usingefaa kitu mbele ya ukuta ule.

Waliporudi, mambo yaliharibika. Ndugu hao walikuwa wakimpenda msichana mmoja, Ellen Sewall. Mwaka 1840 John alimposa, akakubaliwa kwanza, kisha akakataliwa. Kisha Henry naye akaposa, asikubaliwe. Undugu wao haukuvunjika kwa hilo. Kilichouvunja kilikuwa wembe. Siku ya kwanza ya mwaka 1842 John alijikata kidole kidogo tu alipokuwa akiunoa, akaingiwa na pepopunda, na tarehe 11 Januari akafa mikononi mwa mdogo wake. Siku chache baadaye Henry naye alikakamaa taya, ingawa hakuwa na jeraha lolote. Mwaka ule ule aliiuza mashua kwa mwandishi Nathaniel Hawthorne kwa dola 7.

Mwaka 1844 alikwenda tena kuvua pamoja na rafiki yake. Moto waliowasha wa kupikia samaki uliruka kwenye majani makavu, ukateketeza zaidi ya ekari 300 za msitu. Wenye mji hawakumsahaulia.

Watu husema alikwenda Walden mwaka 1845 kukimbia walimwengu. Mimi naona alikwenda kumlilia nduguye, maana huko ndiko alikoandika kitabu cha ile safari. Wiki mbili amezifanya moja, na jina la John halimo. Kifo hakisimuliwi. Yupo ndugu tu, anapiga makasia na kufunga hema. Wapo wanaoona huo ni ubaridi. Mimi naona mwenye msiba mzito ndiye asiyeweza kulitaja jina.

Kitabu kilitoka mwaka 1849, nakala 1,000, gharama juu yake mwenyewe. Mwaka 1853 mchapishaji alimrudishia nakala 706 zisizouzwa, naye akazipandisha ngazi kwa mgongo wake hadi chumbani. Deni hilo alilipa kwa kupima mashamba ya watu.

Thoreau alikufa kwa kifua kikuu tarehe 6 Mei 1862, umri wake miaka 44. Asubuhi hiyo umbu lake, Sophia, alikuwa akimsomea kurasa za kitabu kile, walipofika mahali ambapo mashua iko njiani kurudi nyumbani. Mgonjwa, kwa sauti hafifu, alisema kwamba sasa ndipo tanga litakapokwenda vizuri.