Maisha ya Oswald Avery, Mpimaji wa Urithi

Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya mtu ambaye jina lake halitajwi katika idara zetu za Kiswahili, na ambaye hata wenzetu wa sayansi humpa sentensi moja tu kabla ya kuwaendea Watson na Crick. Mtu huyu ni Oswald Theodore Avery, daktari aliyefariki mwaka wa 1955. Huenda msomaji akauliza mtaalamu wa bakteria ana nini na jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu langu liko katika barabara itokayo Kitale, ikapita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha ikaelekea Bungoma. Serikali ilipiga marufuku vyakula vilivyobadilishwa kijeni mnamo Novemba 2012, ikaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na mjadala ukahamia mahakamani. Muda wote huo neno jeni limetamkwa katika masoko ya njia hiyo kana kwamba ni pepo: ama limempanda mtu ama halijampanda. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza jeni huingiaje katika seli, huingia kwa kiasi gani, na hilo hujulikanaje. Avery alitumia miaka yake mizuri kulijibu swali hilo.

Alizaliwa Halifax, nchini Canada, tarehe 21 Oktoba 1877, mwana wa mhubiri wa Kibaptisti. Mwaka wa 1887 familia ilihamia New York, babake alipoitwa kulichunga kanisa katika mtaa wa mafukara. Kijana Oswald na kakake walipiga tarumbeta mbele ya kanisa ili kuwavuta waumini. Mwaka wa 1892 ulimpokonya baba na kaka huyo huyo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Colgate, akahitimu mwaka wa 1900. Kinyume na matarajio ya wengi, huko hakuzama katika sayansi. Masomo yake yalikuwa ya fasihi na sanaa, na alisifika hasa kwa ufasaha wa kuhutubia hadhara. Naliona hili kuwa jambo la kutiliwa maanani na sisi wanafasihi, kwa kuwa mtu huyu aliyeanza na ulumbi aliishia kuwa miongoni mwa wanasayansi wagumu kabisa kufungua vinywa vyao.

Alipata shahada ya udaktari mwaka wa 1904, akatibu wagonjwa kwa miaka michache, kisha akaiacha kazi hiyo kwa sababu hakuwa na la kuwafanyia wenye maradhi ya mapafu. Aliingia maabara mwaka wa 1907, na mwaka wa 1913 akajiunga na hospitali ya Taasisi ya Rockefeller jijini New York. Hakuoa. Wanafunzi wake walimwita kwa kifupisho cha neno profesa, naye akaridhika nacho.

Adui yake alikuwa nimonia, ambayo wazee wetu huiita kichomi. Bakteria wanaoisababisha wako wa sura mbili. Wapo waliovaa gamba laini, ambao huua, na wapo wasio na gamba, ambao mwili huwameza bila taabu. Mwaka wa 1923 Avery na mwenzake Michael Heidelberger walionyesha kwamba gamba hilo limetengenezwa kwa sukari na wala si protini, jambo lililowashangaza wengi. Mama anayempeleka mtoto kliniki Bungoma leo ananufaika na ugunduzi huo pasipo kujua: chanjo dhidi ya nimonia iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka wa 2011 huufunza mwili kuzitambua sukari za gamba hilo.

Mnamo 1928 tabibu Mwingereza, Frederick Griffith, alitangaza habari ya ajabu. Aliwadunga panya bakteria hai wasio na gamba pamoja na bakteria wa gamba waliokwisha kuuawa kwa joto. Panya walikufa, na ndani yao akakuta bakteria hai wenye gamba. Kitu fulani kilikuwa kimetoka kwa maiti kikamwingia aliye hai, na vizazi vyake vyote vikakirithi. Avery hakuamini. Alidhani bomba au sindano ilikuwa na uchafu. Vijana wa maabara yake mwenyewe, hasa Martin Dawson na baadaye James Alloway, ndio waliorudia jaribio hilo, na Alloway akafaulu kulifanya kwa maji ya bakteria waliopondwa, bila seli yoyote nzima. Hapo mzee akasalimu amri, na mashaka yake yakageuka kuwa kazi.

Kazi yenyewe aliifanya na Colin MacLeod, kisha na Maclyn McCarty aliyefika mwaka wa 1941. Walikuza bakteria kwa makumi ya lita, wakawatenga kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi, wakawaua kwa joto, wakaondoa protini na sukari. Hatimaye walipotia pombe kidogo kidogo, nyuzi nyeupe zilijitokeza na kujisokota katika kijiti cha kioo. Lita 75 za bakteria zilitoa miligramu 10 hadi 25 tu za nyuzi hizo.

Ni nini kilichoonyesha kwamba nyuzi hizo ndizo zilizoingia katika seli na kuzibadilisha? Hapa ndipo ustadi wa Avery ulipo. Waliweka bakteria wasio na gamba katika mirija yenye mchuzi wa kuwalisha pamoja na maji ya damu yanayowafanya wagandamane na kuzama. Aliyebaki bila gamba alitua chini, na aliyelipata alielea akautia mchuzi ukungu. Kisha waliizimua dawa yao hatua kwa hatua, mirija minne kwa kila kipimo, kama mpishi anayeongeza maji katika chai ili ajue majani yake yataishiwa nguvu wapi. Sehemu moja katika sehemu 600,000,000 bado ilitenda kazi. Vimeng'enya vinavyovunja protini havikuiharibu, wala kile kinachovunja RNA. Iliharibiwa na vile vinavyovunja DNA pekee.

Matokeo yalichapishwa Februari 1944, Avery akiwa na umri wa miaka 66. Lugha yake ilikuwa ya tahadhari kupita kiasi. Hakutangaza kwamba jeni ni DNA, na aliacha nafasi ya kwamba huenda uchafu mdogo usiopimika ndio uliotenda. Alfred Mirsky, katika taasisi iyo hiyo, aliishikilia nafasi hiyo kwa miaka, akidai kwamba protini kidogo yaweza kuwa imejificha humo. Wapo wanaosema Avery alijiponza kwa woga. Sikubaliani nao kikamilifu. Kipimo chake kilikuwa na upungufu wa kweli: kilionyesha kiasi kidogo kabisa cha DNA kinachotosha, lakini hakikuhesabu ni seli ngapi kati ya zote zilizoipokea. Hesabu hiyo ilikuja baadaye, Rollin Hotchkiss wa maabara hiyo hiyo alipohamisha usugu dhidi ya penisilini kutoka bakteria hadi bakteria, akazitoa taarifa zake mwaka wa 1951. Seli iliyopokea iliishi, isiyopokea ikafa, na zilizobaki zikahesabika.

Mbinu hiyo ya Hotchkiss haijapitwa na wakati. Mahindi yenye jeni ya bakteria wa udongo, yaliyojaribiwa ndani ya ua katika kituo cha utafiti wa kilimo Kitale ili yajikinge na viwavi watoboao mabua, hayakuingiziwa jeni hiyo Kitale. Iliingizwa katika seli za mahindi Marekani miaka mingi kabla, seli zilizoipokea zikachujwa kutoka miongoni mwa nyingi zisizoipokea, kisha ikahamishwa kwa uchavushaji hadi katika aina za mahindi zinazofaa huku. Na katika familia za Bungoma zinazouguza selimundu, swali hilo litakuwa zito zaidi. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 Marekani iliidhinisha tiba ambayo kirusi kilichopokonywa makali hubeba jeni nzuri hadi katika seli za uboho. Madaktari hupima wastani wa nakala zilizoingia katika kila seli: zikiwa chache mno mgonjwa hapati nafuu, zikizidi hatari ya saratani huongezeka. Mzazi atakayeelezwa hayo siku moja atahitaji Kiswahili cha kuulizia kipimo hicho, na kamusi zetu bado hazijampa.

Avery alipendekezwa mara nyingi kwa Tuzo ya Nobeli, asiipate. Mwanakemia Mswidi Einar Hammarsten, aliyekuwa na sauti katika kamati, hakushawishika. Mwaka wa 1948 mzee alihamia Nashville, karibu na mdogo wake Roy, ambaye Avery alikuwa amemwandikia Mei 1943 barua ndefu iliyosema waziwazi yale ambayo makala yake yalisita kuyasema. Alikufa kwa saratani ya ini tarehe 20 Februari 1955. Taasisi ya Rockefeller ilimjengea lango la kumbukumbu mwaka wa 1965.