Rubani Aliyetembea kwa Mkongojo: Tunamkumbuka Derek Bryceson



Kila inapofika Jumapili ya Kumbukumbu, mwezi wa Novemba, tunawaombea waliokufa vitani, na ni haki yao. Lakini wako pia waliorudi wakiwa hai, ila miili yao haikurudi kama ilivyoondoka. Hao tunawasahau upesi. Safari hii tumeonelea tumtaje mmoja wao, mtu ambaye wazee wetu wa Kinondoni walimpigia kura kwa mikono yao wenyewe, na ambaye vijana wetu wengi hawalijui hata jina lake.

Huko Uingereza, panapozungumzwa habari za marubani wa namna hii, jina linalotangulia ni la Douglas Bader. Huyo alipoteza miguu yote miwili katika ajali ya ndege mwaka 1931, akarudi kuruka kwa miguu ya bandia, akaanguka mikononi mwa Wajerumani huko Ufaransa mwezi Agosti 1941. Mguu mmoja wa bandia ulipotea katika kuanguka huko, na Waingereza wakamdondoshea mwingine kutoka angani kwa mwamvuli, kwa idhini ya Wajerumani wenyewe. Hata hivyo hakutulia. Alijaribu kutoroka mara kwa mara, mpaka wakamfungia katika ngome ya Colditz, akakaa mateka hadi Aprili 1945.

Derek Bryceson hakuwa mateka wa vita. Kifungo chake kilikuwa katika mwili wake mwenyewe, nacho hakikuisha vita vilipokwisha.

Alizaliwa China mwaka 1922, wazazi wake wakiwa Waingereza. Vita vilipowaka aliingia jeshi la anga la Uingereza akawa rubani wa ndege za kivita. Akiwa na umri wa miaka 19 tu ndege yake ikatunguliwa upande wa Mashariki ya Kati, akaumia vibaya uti wa mgongo. Madaktari walimwambia hatatembea tena. Yeye hakukubali. Mguu mmoja ulikuwa umebakiwa na nguvu kidogo za kusogea mbele. Wa pili ilibidi aurushe kutoka nyongani. Kwa nguvu hizo chache na mkongojo mmoja alijifundisha kutembea upya, na hivyo ndivyo alivyotembea maisha yake yote. Wengi wetu tumekwisha kumwona mgonjwa akijifunza hatua moja uani, akishika ukuta. Tunajua jasho lake.

Baada ya vita alisomea kilimo Cambridge, akaja Kenya, kisha akavuka kuingia Tanganyika na kulima ngano kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Angeweza kukaa huko akahesabu magunia yake, kama walivyofanya walowezi wengi. Badala yake akaingia katika siasa, tena upande ambao wenzake wengi waliuogopa.

Hapa inafaa tuwakumbushe vijana. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwashawishi wana TANU wasiususie, nao wakatafuta Waasia na Wazungu wa kuwaunga mkono. Bryceson alikuwa mmoja wa hao. Ajabu ni kwamba wakati huo TANU ilikuwa haijaruhusu watu wasio Waafrika kuwa wanachama. Mlango ulifunguliwa mwaka 1963. Kwa miaka kadhaa alikitumikia chama ambacho kadi yake hakuweza kupewa. Sisi twaona hilo si jambo dogo, kwani wako watu ambao wakikosa cheo katika kamati tu huhama.

Julai 1959 akawa mmoja wa mawaziri watano wa kwanza waliotokana na wajumbe wa kuchaguliwa, pamoja na Chifu Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, George Kahama na Amir Jamal. Yeye alipewa Madini na Biashara. Baadaye alishika Afya, kisha Kilimo, na Kilimo ndicho alichokijua hasa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulima.

Lakini kwetu sisi wa Dar es Salaam habari iliyo kubwa ni ya Septemba 1965. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, na katika majimbo mengi walisimama wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Mawaziri hawakusamehewa. Hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alianguka kwao Mwanza. Bryceson hakugombea kule kwenye mashamba ya Wazungu, bali alikuja kugombea huku kwetu Kinondoni, kwenye nyumba za udongo na vichochoro vya mchanga, ambako Mzungu mwenye mkongojo si mtu wa kupita bila kutazamwa. Watu walimsikiliza akisema Kiswahili, wakamchagua kwa kura nyingi sana, ingawa hawakuwa ndugu zake kwa rangi wala kwa kabila.

Mwaka 1972 aliacha uwaziri akaongoza Hifadhi za Taifa. Kazi hiyo ilimkutanisha na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, aliyefariki mwaka 2025. Katikati ya miaka ya 1970 walisafiri pamoja kwenda Ruaha na ndege ndogo ikaanguka porini. Kwa mara ya pili katika maisha yake Bryceson akatoka hai katika ndege iliyoanguka. Walioana mwaka 1975. Mwezi Mei mwaka huo huo waasi kutoka Zaire walivuka Ziwa Tanganyika usiku wakateka vijana wanne wa utafiti hapo Gombe. Majuma yalipita ya mazungumzo magumu, naye akiwamo katika shughuli hiyo, mpaka wote wanne wakaachiliwa wazima.

Saratani ndiyo iliyomshinda. Alipelekwa Ujerumani kutafuta tiba, katika nchi ile ile ambayo alipigana nayo akiwa kijana, akafariki Oktoba 1980, akiwa na umri wa miaka 57.

Majivu yake yalimwagwa katika Bahari ya Hindi, hapa hapa pwani ya Dar es Salaam. Alikuwa akipenda kuogelea huko juu ya matumbawe, akitazama samaki. Ndani ya maji hakuhitaji mkongojo.